Laikipia na Kitenzi Kisicho na Mtu

Makala mbaya zaidi niliyowahi kulipwa ilikuwa na maneno 800 na ilinichukua saa tatu. Ilikuwa kuhusu Laikipia. Niliiandika Zimmerman, ghorofa ya nne, nikiwa kitandani kwa sababu meza nilikuwa nimeshaiuza, na Laikipia yenyewe niliijua kwa mambo mawili tu: njia ya matatu ya kwenda kwa shosho wangu, na picha za watu wengine kwa simu. Tovuti moja ya safari ilitaka kitu cha Kiswahili cha kuwavutia Wakenya watembee nchi yao. Walitoa shilingi 3,500. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, deni la karo likiwa bado linanisubiri huko hadi leo, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kunisalimia kwa jina kamili. Nikaandika.

Nitanukuu aya moja, kwa vile ni yangu na hakuna wa kunishtaki:

"Kati ya Mlima Kenya na safu za Aberdare kuna uwanda wa juu uliosahauliwa na wakati. Hapa Wamaasai hulisha ng'ombe wao bega kwa bega na pundamilia. Ndani ya msitu wa Mukogodo, Wayaaku huishi kwa asali na hunong'onezana kwa lugha ya kale. Jioni ikiingia moto huwashwa, hadithi husimuliwa, na mgeni hukaribishwa kama ndugu."

Uliosahauliwa na wakati! Kiswahili hakisemi hivyo. Hiyo ni harufu ya Kiingereza nilichokuwa nimesoma dakika tano kabla. Lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa sikuliona mpaka mwaka uliofuata, nilipopata ujumbe kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi huko Laikipia Kaskazini. Hakutukana. Alisema ametumia makala yangu darasani, akaambatisha picha ya karatasi. Aya hiyo ilikuwa imechapishwa juu, na chini yake swali moja: "Tambua mtenda katika kila sentensi, kisha ueleze ni nani hasa."

Wanafunzi walikuwa wamejibu kwa wino wa bluu. Mmoja aliandika kwamba moto huwashwa na mama yake. Mwingine, alipofika kwa mgeni, aliandika: "Mgeni hukaribishwa na watu wa boma la utalii akishalipa." Mwalimu alimpa alama zote.

Basi hii ni tahakiki ya makala yangu mwenyewe, pamoja na ndugu zake, maana ina ndugu wengi. Tangu siku hiyo nimesoma vipeperushi vya lodji, majarida ya ndegeni, blogu za watu waliolala huko siku mbili, maelezo chini ya picha. Mpangilio ni ule ule. Kwanza anga. Halafu mlima, ambao lazima uvishwe taji la theluji. Halafu wanyama. Watu huja aya ya nne au ya tano, na wakija huja kwa wingi na kwa rangi: shuka nyekundu, shanga, kuruka. (Ona, hata mimi nimesharudia. Huja.)

Jambo lililonichoma zaidi ni majina. Faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili duniani, wako Ol Pejeta, na kila mtu anawajua: Najin na binti yake Fatu. Sudan, baba yake Najin, alipokufa Machi 2018, dunia nzima ilisoma tanzia yake. Sina ubaya na faru. Nasema tu kwamba ukoo wa faru umeandikwa vizazi vitatu kwa majina, na katika makala nilizosoma sikumbuki nikikutana na mfugaji aliyepewa hata jina la baba.

Turudi kwa hu-. Shuleni tulifundishwa kuwa ni kiambishi cha mazoea. Nilikipenda kwa sababu kwenye mtihani hakina matata: mimi huenda, wewe huenda, ng'ombe huenda. Hakibebi nafsi, hakibebi wakati. Shosho akisema mvua hunyesha Aprili, sawa, mvua haina kesi na mtu. Lakini ukiwaandika watu kwa hu- kutoka mwanzo hadi mwisho, umewaondolea nafsi na wakati kwa pigo moja, kisarufi kabisa, na hakuna mhariri atakayekushika. Watu wa hu- hawana jana. Hawajawahi kupoteza kitu, kwa sababu kupoteza kunahitaji li-.

Na tusijifiche nyuma ya wazungu. Tangu Binyavanga Wainaina achapishe ile kejeli yake kuhusu namna ya kuandika Afrika mwaka wa 2005, kizazi chetu kimeisoma kama watu wanaotazama ugomvi wa jirani dirishani. Tunacheka, tunaisambaza, tunaendelea na kazi. Ilisema na mwandishi anayetoka mbali kwa Kiingereza. Sisi tukachukua ugonjwa ule ule, tukaupa ngeli na viambishi, tukauita utalii wa ndani.

Nilimjibu mwalimu nikiomba msamaha. Akajibu kwamba msamaha hausahihishi karatasi. Nikitaka, nije nione. Ilinichukua miezi kupata nauli.

Kusini tu mwa mji wa Nanyuki, kwenye bango la Ikweta, kuna vijana wenye beseni na kijiti. Wanakuonyesha maji yakizunguka upande mmoja ukisimama kaskazini, na upande mwingine ukipiga hatua chache kusini. Sayansi haikubali, hatua chache haziwezi kubadilisha mzunguko wa maji kwenye beseni, mkono wa anayemimina ndio unaoweza. Mkenya mwenzangu mmoja aliyekuwa na familia yake aliliona hilo, akatabasamu, akalipa, akaomba cheti. Nilimwelewa. Mtu amesafiri mbali, anataka mstari uwe mstari. Mimi pia nilikuwa nimekuja kutafuta mstari.

Kutoka Nanyuki nilipanda Probox ya Doldol, watu wanne kiti cha nyuma na gunia la unga magotini. Sehemu kubwa ya njia ni uzio. Uzio wa umeme kushoto, uzio wa umeme kulia, na katikati barabara yenye mbuzi. Nyasi za ndani ya uzio na nyasi za nje si nchi moja. Mama aliyeketi kando yangu aliona ninavyoshangaa, akasema kwa upole, "Ndani kunanyesha zaidi." Gari zima likacheka. Sikuwa nimeisoma popote hiyo.

Mwalimu alinipokea stendi. Kijana kama mimi, labda amenizidi miaka miwili. "Karibu, mwandishi," akasema, na nikajua nitaitwa hivyo safari nzima. Mimi nikamwita mwalimu. Alikuwa na pikipiki ya kuazima, na kesho yake tukaelekea upande wa msitu.

Kabla hatujafika kwa mitarakwa na mizeituni mwitu ya Mukogodo, tulipita mahali palipo wazi katikati ya miiba. Karibu duara kamili. Nyasi fupi, kijani, hakuna mti hata mmoja, na kundi la swala pala limesimama hapo kama waliopangwa. Kwa makala yangu ile, hii ingeitwa bustani ya asili. Nilitoa simu nipige picha.

"Hapo palikuwa boma," mwalimu akasema.

Akanieleza. Ng'ombe na mbuzi wakilazwa mahali pamoja kwa miaka, samadi inajaa udongoni. Boma likiachwa, nyasi inaota tamu, miti inachelewa kurudi, na wanyama wa porini wanapapenda kuliko kwingine. Nilikuja kusoma baadaye kwamba watafiti wa ikolojia wamezichunguza sana duara hizi za Laikipia, na kwamba zinaweza kuonekana miongo mingi baada ya watu kuondoka. Kwa hivyo yule swala wa kipeperushi, ambaye ni ushahidi kwamba hapa hapajaguswa na mtu, amesimama juu ya kazi ya mtu.

"Waliondoka lini?" niliuliza.

"Waliondoka, au waliondolewa?" Mwalimu hakuwa anatania. "Mwandishi, hiyo tulifanya darasa la sita."

Hapo ndipo tahakiki inapoanza kuuma, kwa sababu kosa langu si la mtindo tu. Katika notisi zangu za historia, zile tulizokariri kwa mtihani, Wamaasai "walihama" kutoka Laikipia kwenda kusini. Hama, hamia, hamisha, hamishwa. Kati ya walihama na walihamishwa kuna silabi moja, na ndani ya hiyo silabi moja mmekaa mkataba, bunduki na mahakama.

Mwaka wa 1904, laibon Olonana na wazee wengine walitia alama kwenye mkataba na Waingereza. Wamaasai watoke Bonde la Ufa, kando ya reli, waende maeneo mawili: moja kusini, jingine hapa Laikipia. Waliahidiwa kwamba ardhi hizo zitabaki zao maadamu kabila lao lipo duniani. Ahadi hiyo iliishi miaka saba. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba wa pili: sasa watoke Laikipia pia, maana walowezi wameipenda. Mzee Legalishu, aliyewaongoza Wamaasai wa kaskazini, alipinga kadiri alivyoweza. Kisha wakafanya jambo ambalo hakuna kipeperushi kinacholitaja: walikodi mawakili wakaishtaki serikali. Kesi ya Ole Njogo na wenzake, 1913. Majaji walisema mkataba ule ulikuwa kati ya Mfalme wa Uingereza na taifa la kigeni, kwa hivyo mahakama ya koloni haina uwezo nao. Yaani kwenye kuhamishwa walikuwa watu wa kuamrishwa na gavana. Kwenye kudai haki wakawa wageni kutoka nchi nyingine.

Anayetaka kisa kizima asome Moving the Maasai cha Lotte Hughes, cha mwaka wa 2006. Si kitabu cha kufurahisha, kimejaa barua za maafisa, lakini ndicho kilichonifundisha kuona li- na -ishwa zikifanya kazi. Kila kitenzi kina mtu. Fulani aliandika, fulani alikataa, fulani alidanganya. Wamaasai wa Hughes wanabishana wao kwa wao, wanabadilisha msimamo, wanaajiri wakili. Hawachezi ngoma jioni.

Sitaki kudanganya upande wa pili pia. Jina Laikipia lenyewe linatokana na Walaikipiak, tawi la watu wa lugha ya Maa ambalo lilivunjwa na matawi mengine ya Kimaasai kwenye vita vya miaka ya 1870. Joseph Thomson alipopita hapa 1883, sehemu ya uwanda huu ilikuwa imeachwa na watu, ikiwa na mahame ya maboma. Miaka michache baadaye ikaja sotoka ikamaliza ng'ombe, na ndui ikafuata. Kwa hivyo "ardhi tupu" ambayo walowezi walidai kuikuta haikuwa uongo wa moja kwa moja. Ilikuwa tupu kama nyumba yenye msiba inavyokuwa kimya. Thomson, kwa njia, ndiye aliyeipa safu ya Nyandarua jina la Lord Aberdare, mkuu wa chama cha wanajiografia kule London, na miaka 140 baadaye mimi nikaliandika jina hilo kwa shilingi 3,500 bila kukohoa.

Kitabu kinachosomwa zaidi kuhusu Laikipia, hata hivyo, si cha Hughes. Ni I Dreamed of Africa cha Kuki Gallmann, kilichotoka 1991 na kufanywa filamu mwaka wa 2000. Nilikiendea nikiwa na kisu mkononi na nikakuta nalia. Mume alikufa kwa ajali, mwana akafa kwa kuumwa na nyoka, wote wakazikwa kwenye ranchi. Anaandika msiba vizuri kuliko wengi wetu. Lakini soma tena uone makaburi yale yanabeba mzigo gani. Ndiyo yanayomfanya awe wa pale: nimezika hapa, basi mimi ni wa hapa. Ni hoja ambayo Mkenya yeyote anaielewa, sisi wenyewe tunapigania mashamba kwa makaburi. Tatizo ni kwamba Wamaasai wa zamani hawakuwa na desturi ya kumzika kila mtu. Kaburi lilikuwa la wachache wenye hadhi. Ukiifanya kaburi kuwa hati ya umiliki, mfugaji ameshindwa kesi kabla haijaanza. Alichoacha yeye ni duara la nyasi, na duara la nyasi tumeshaliita bustani ya asili.

Mzee tuliyekwenda kumwona anaishi ukingoni mwa msitu. Ana ng'ombe wachache, mbuzi, na mizinga ya magogo ambayo alituonyesha kabla hata hatujakalia viti. Ni Myaaku. Nyumbani wanaongea Kimaa. Na mimi aliongea Kiswahili, kizuri, cha polepole. Nilimsalimu shikamoo, akacheka, akasema hiyo ni ya watu wa Pwani, akanyoosha mkono.

Nilikuwa na daftari. Nilimuuliza kuhusu lugha ya kale, ile niliyoiandika kuwa wanainong'onezana.

"Mimi nina maneno," akasema. "Sina lugha. Mama yangu alikuwa nayo."

Maneno yake ni ya nyuki, miti, asali, sehemu za mzinga. Aliyasema mengine, mwalimu akayaandika kwa simu yake, mimi nikaacha kalamu chini. Niliona aibu kuyachukua.

Kitabu cha Lee Cronk, From Mukogodo to Maasai, cha 2004, kinaeleza jinsi ilivyotokea, na maelezo yake hayana mvuto wowote wa kitalii. Wayaaku waliishi kwa kuwinda na kurina asali, wengi wakilala kwenye mapango, na mahari yao yalihusisha mizinga ya nyuki. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakoloni walipokuwa wakiwasukuma watu wa lugha ya Maa huku na huku, majirani wapya wafugaji walikaribia Mukogodo. Hawa walitoa mifugo kuoa mabinti wa Kiyaaku. Baba aliyeshapewa ng'ombe hakutaka tena mizinga, na kijana wa Kiyaaku ambaye hakuwa na ng'ombe hakupata mke. Wakafuata ng'ombe, wakafuata na lugha ya ng'ombe. Majirani waliwaita iltorrobo, neno la Kimaa la dharau kwa watu wasio na mifugo. Ndani ya muda mfupi sana, kizazi kimoja hivi, Kiyaaku kikawa lugha ya wazee. Hakuna wakati uliosahau chochote hapo. Wakati ulifika na mahari mkononi.

Nilimsomea mzee aya yangu. Mwalimu alikuwa ameniambia ni lazima. Alisikiliza, akachezea kifundo cha fimbo yake, akauliza, "Hawa wanaoishi kwa asali peke yake, hawaumwi meno?"

Kisha akanisimulia kuhusu watu wa kamera waliomwomba aingie kwenye pango alilozaliwa baba yake, avue koti, awashe moto. Walikuwa na heshima, akasema, na malipo mazuri. "Nikawaambia, babangu alitoka pangoni kwa miguu yake. Mimi nirudi kutafuta nini?"

"Ukakataa?" nikauliza.

"Niliingia. Kulikuwa na ukame." Akanitazama kuona kama nimeelewa. "Lakini koti sikuvua."

Nimefikiria koti hilo kuliko vitabu vyote nilivyotaja hapa. Kwa sababu ningependa kuandika kwamba utalii ni uongo na tuufunge, na siwezi. Il Ngwesi, lodji ya jamii iliyofunguliwa 1996, ni yao. Kuna watoto Laikipia Kaskazini wanaosoma sekondari kwa basari zinazotoka kwenye hifadhi za jamii. Mimi niliyetoka chuo kwa kukosa karo nitamwambia nini mtoto ambaye karo yake imelipwa na mgeni aliyekuja kuona shuka nyekundu? John Mbaria na Mordecai Ogada, kwenye The Big Conservation Lie cha 2016, wanapiga sekta nzima ya uhifadhi makofi ambayo kwa sehemu kubwa inastahili, na nilikisoma nikishangilia. Ila ukishangilia sana unasahau kuuliza mzee yule atakula nini mwezi wa ukame. Kitabu hicho kinajua nani ana hatia. Pango lenye moto wa kuigiza na mtu ndani aliyekataa kuvua koti hakijui kulifanyia nini. Hata mimi sijui vizuri.

Tukirudi, mwalimu alisimamisha pikipiki akanionyesha bonde la kupendeza sana, vilima vya samawati nyuma yake. "Watoto tunawaambia wasiokote chuma chochote," akasema, kwa sauti ile ile ya kunionyesha mandhari. Jeshi la Uingereza limefanya mazoezi upande huu kwa miongo mingi. Mwaka wa 2002 serikali yao ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228, watu waliojeruhiwa na mabaki ya mabomu na jamaa za waliouawa, wengi wao kutoka Doldol na Archers Post. Sijaona mwandishi wa safari aliyeliweka hilo kwenye sentensi moja na machweo.

Niliandika makala upya. Maneno 800, yale yale. Niliondoa kila hu- niliyoweza kuiondoa, nikaweka Legalishu, nikaweka kesi ya 1913, nikaweka samadi. Nikaituma kwa ile tovuti, nikiomba wabadilishe ya zamani, bure, bila malipo. Mhariri alijibu siku hiyo hiyo, mtu mpole. Alisema imeandikwa vizuri kuliko ya kwanza lakini ni nzito, msomaji anatafuta mahali pa kwenda wikendi. Je, naweza kubakisha mzee na asali, nitoe mahakama? Nikimpa hivyo atanilipa tena. Nilikaa na ujumbe huo siku tatu. Kodi ilikuwa karibu. Sikumjibu, na sitajisifu kwa hilo, nilipata kazi nyingine ya tafsiri ya maelezo ya jokofu. Makala ya kwanza bado iko pale na jina langu juu. Mwalimu bado anaitumia.

Lakini nilikuwa nimepitia kwa shosho kabla ya kurudi Nairobi, na hilo sikuliweka kwenye makala yoyote.

Shosho anaishi karibu na Lamuria, upande huo huo wa uwanda, saa chache tu kutoka Doldol. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu, mtoto wa skwota, na baada ya uhuru babu yangu alinunua hisa kwenye kampuni ya ardhi hadi wakapata ekari zao. Mimi ndimi niliyepewa jina la babu, kwa hivyo shosho ananiita mume wangu na kunilalamikia kwamba simletei sukari.

Jikoni nikamuuliza walikuta nini walipofika.

"Tulikuta kukiwa wazi."

"Hakukuwa na mtu?"

"Kulikuwa na mzungu. Akaenda."

"Na kabla ya mzungu?"

Alipuliza moto. "Mume wangu, mbona unauliza kama mtu wa serikali?"

Asubuhi alinipa panga akanituma nikakate mahindi mabichi ya kubeba. "Yakate kule kwa ng'ombe," akasema. Nimesikia jina hilo tangu utotoni, kona ya juu ya shamba ambako mahindi hurefuka hata mwaka wa mvua mbovu, na sikuwahi kujiuliza, kwa sababu ng'ombe wake wamelala upande wa chini miaka yote.

"Shosho, kwa nini mnaita kule kwa ng'ombe?"

"Tulipolima mara ya kwanza udongo ulikuwa mweusi, samadi tupu. Babu yako akasema hapa mtu alikuwa amelaza ng'ombe."

"Mtu gani?"

"Sasa mimi nitajuaje?" Alikuwa ameshageuka, anatafuta gunia. "Kata, jua linapanda. Na uache ya pembeni, hayajakomaa."